Kiti cha Mbele

Tulimwacha Fundi Sponji amepiga magoti karakanani kwake, kiganja kimeganda juu ya kiti cha pikipiki yake mwenyewe, macho yamemtoka pima. Wapo walioshikilia wiki nzima kwamba amekutana na nge. Laiti angekuwa nge.

Lilikuwa bonde.

Bonde dogo tu, kwenye sponji ya mbele, pale anapokaa mwendeshaji. Na halikuwa lake.

Wewe uliyejiunga nasi leo, sogea nikwambie upesi. Sponji ni fundi wa viti. Akivua ngozi ya juu na kupitisha kiganja kwenye sponji iliyochoka, atakwambia mwenye kiti ana uzito gani, anakaaje, na kama ana mazoea ya kuweka pochi mfuko wa nyuma. Wateja wapya huwakalisha kwenye kipande cha sponji kilichonyunyiziwa unga wa chaki, akasoma alama. Ndiyo maana mtaani ukimwona mtu anapita na makalio meupe, huulizi ametoka wapi.

Na pikipiki hiyo, Jogoo, iliyopewa jina hilo kwa namna inavyowika ikipigwa kiki, haijawahi kuendeshwa na mtu mwingine. Kwa yeye ajuavyo.

Kilichomkata maini zaidi ni siku yenyewe. Miaka na miaka Sponji na rafiki yake Gia Kubwa, dereva wa lori mstaafu, wamekuwa wakipanga safari moja: kuvuka milima na Jogoo, kupitia mapito matatu ya juu, mpaka ng'ambo kwenye ziwa. Kila mwaka ilikuwa ni mwaka huu. Kila mwaka ikazuka sababu. Mvua. Tairi. Wanawe pacha wana surua. Safari hii pacha wameshaenda chuo, tairi ni jipya, mvua imekatika, na Jumamosi ndiyo hiyo inagonga mlango.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Sponji alinong'ona, akilikodolea macho lile bonde. Wahenga hawakugusia habari za vitini, lakini alielewa.

Akalipima tena. Lilielemea kushoto. Kushoto! Moyo ukamlipuka. Nani mtaani ana nyonga mbovu ya kushoto? Nani huingia karakanani bila hodi? Nani anajua ufunguo wa Jogoo unatundikwa kwenye msumari wa jikoni?

"Bwana Sponji!" Sauti nene ikatangulia, kisha mwenyewe akaingia akichechemea, ramani kwapani. Gia Kubwa, katika nyama na mifupa yake. "Nimelala nikiwaza lile pito la tatu. Pale Kata Pumzi hewa ni nyepesi mpaka kiberiti kinasita kuwaka. Lazima tuiguse kabureta kabla ya..."

"Kaa hapa."

"Nikae wapi?"

"Kwenye sponji. Kaa."

"Umeshanipima mara ngapi wewe? Kiti changu cha nyuma si ulikimaliza?"

"Nimesema kaa!"

Gia Kubwa alikaa. Mtu ameshika kisu kirefu cha kukatia sponji, wewe utamkatalia?

"Haya, simama."

Akasimama. Sponji akainama juu ya ile alama ya chaki, pua karibu kugusa. Akanyanyuka taratibu, amenywea.

Alama ilielemea kulia.

"Lakini nyonga yako mbovu ni ya kushoto," alisema, kama anayemlaumu.

"Ndiyo. Inauma. Sasa niikalie?" Gia Kubwa alicheka mpaka ramani ikadondoka. "Mwenye jino bovu anatafunia upande gani, bwana? Ufundi wote huo na hilo limekupita?"

Sponji aliona aibu, na aibu ikageuka hasira, maana ndiyo njia fupi. "Kuna mtu anaendesha Jogoo. Nataka jina lake."

Kicheko kikakatika. Kikakatika kabisa, kama redio iliyozimwa.

"Gia Kubwa."

"Naam."

"Unamjua."

Yule mzee wa malori aliangalia dari, akaangalia viatu vyake, akaangalia mlango. "Nikikwambia nitakuwa nimevunja ahadi."

"Urafiki wetu wa miaka yote hii..."

"Na jambo jingine," Gia Kubwa alimkatiza harakaharaka, akianza kurudi kinyumenyume. "Jumamosi siendi. Nafasi yangu nimeshampa mtu."

"Umempa nani nafasi yako kwenye pikipiki yangu?"

Mlango ukajibu kwa kujifunga. Gia Kubwa alishika barabara, makalio meupe pee, watoto wa jirani wakimshangilia.

* * *

Sasa tumfuate Sponji nyumbani, hatua chache tu kuvuka ua, maana karakanani hapakaliki tena.

Alikibeba kile kiti cha Jogoo begani kama mgonjwa, akakiweka juu ya kiti cha meza ya kulia, sponji wazi, chaki juu yake, apate kukitafakari kwa utulivu. Mezani ramani ilikuwa imetandazwa tangu mwezi uliopita. Chakula siku hizi kililiwa pembeni yake, na doa la chai lilikuwa limemeza bonde zima kati ya pito la kwanza na la pili.

Mkewe alirudi kutoka zamu. Mama Pacha ni mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa ule wameanza kuiona dunia wakiwa wameshikwa na mikono yake, na amebaki na sauti ya kazi hata akiwa nyumbani: ya chini, isiyo na papara, ambayo ukiisikia unajikuta umetii.

"Mbona umevimba hivyo, Baba Pacha?"

"Nimesalitiwa."

"Pole. Na nani?"

"Sijui bado. Kuna mtu anamwendesha Jogoo kwa siri. Na Gia Kubwa anamficha. Na huyo Gia Kubwa mwenyewe amejitoa kwenye safari, ameiuza nafasi yake kwa mtu nisiyemjua!"

"Ameiuza?"

"Ameitoa. Yote sawa."

"Hapana, si sawa," alisema Mama Pacha. Akamimina chai vikombe viwili, akavuta kiti, akakaa.

Alikaa pale pale. Kwenye sponji. Juu ya chaki.

"Mama Pacha! Kielelezo changu hicho!"

"Oh," alisema mkewe, wala hakuharakisha kuinuka. Alikunywa chai mafunda mawili kwanza. Kisha akasimama, akageuka, sketi yake ya bluu imepigwa chapa nyeupe, akaenda kuchukua sukari ambayo wote wawili hawatumii.

Sponji alikitazama kiti.

Akaondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. Bonde la zamani na alama mpya vilikuwa vimelaliana sawasawa, kama kifuniko na sufuria yake. Vyote vikielemea kushoto.

Wapo wanaume ambao wangepiga kelele. Sponji alikaa chini sakafuni.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Umekaa hapo makusudi."

"Nimechoka kukungoja ugundue. Mficha uchi hazai, Baba Pacha, na mimi hiyo ndiyo kazi yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu pacha walipoondoka. Asubuhi kabla ya zamu. Shemeji Gia Kubwa ananifundisha pale uwanja wa malori. Mafuta yote nayarudishia."

"Haiwezekani! Jogoo akiwika mimi ningesikia!"

"Namsukuma mpaka mwisho wa mtaa, ndipo nampiga kiki. Kule anawika anavyotaka. Wewe unakoroma."

Sponji akang'ang'ania dogo lililobaki. "Lakini unaelemea kushoto. Tangu lini wewe unaelemea kushoto?"

Hapo ndipo Mama Pacha aliweka kikombe chini.

"Nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha wanaojifungua tangu nikiwa msichana," alisema. "Naegemea kushoto ili mkono wa kulia uwe huru kumpokea mtoto. Kila siku ya Mungu. Hata mezani hapa nakaa hivyo. Hata nyuma yako kwenye pikipiki tukienda sokoni. Unayajua makalio ya mji mzima, Baba Pacha. Ya mkeo huyajui."

Sponji alihisi uso ukimwaka. Kiti cha Gia Kubwa alikipima mara tatu. Cha mkewe hakuwahi kukipima hata mara moja.

"Siku ya harusi yetu uliniahidi nini?" aliuliza mkewe.

Alijua. Alijua tangu alipoona zile alama mbili zimelaliana. "Nitakupeleka ng'ambo ya milima. Kwenye ziwa."

"Wewe na mimi. Sikumbuki kama shemeji alikuwemo."

"Mama Pacha, nisikilize. Barabara ya kule ni mbaya, nikafikiri..."

"Ukafikiri peke yako. Sasa sikiliza nilichofikiri mimi. Kazini nimeshaaga. Jumamosi naondoka, mimi na Jogoo. Shemeji amenipa nafasi yake, nikamwambia asante, lakini ya nyuma siitaki. Nakaa mbele. Wewe ukitaka, nyuma kupo."

"Nyuma? Mimi? Kwenye pikipiki yangu?"

"Yako?" Mama Pacha alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Jogoo alitolewa na nani siku ya harusi?"

"Na baba yako," Sponji alisema kwa unyonge.

* * *

Mwanaume aliyeshindwa kwa maneno hutafuta mlima. Kesho yake jioni Sponji alitangaza mtihani: kile kilima cha nje ya mji kinachopanda hadi kwenye tangi la maji, kona baada ya kona, mteremko upande mmoja na ukuta upande wa pili. Atakayefika juu na mizigo kamili na abiria nyuma, huyo ndiye wa mbele. Hakimu, Gia Kubwa, ambaye aliletwa akiwa amevaa suruali nyeupe kwa tahadhari.

"Wewe kwanza, Baba Pacha," alisema mkewe. "Nisije kusemwa nimekudhulumu."

Alipanda nyuma. Sponji akamwasha Jogoo kwa madaha, akavuta mafuta, wakaondoka kwa kishindo.

Kona ya kwanza, vizuri. Ya pili, si haba. Sasa, kuna jambo ambalo Sponji hakuwahi kumwambia mtu, na bila shaka ndilo lililozaa zile sababu zote za kila mwaka. Mji wao, ukiacha kilima hicho, ni bapa kama shuka lililopigwa pasi. Hajawahi kuendesha mahali ambapo ukigeuza macho kushoto, paa za nyumba ziko chini yako.

Kona ya tatu aligeuza macho kushoto.

Kizunguzungu kikamshika utosini. Akabana breki katikati ya kona, akasahau klachi, Jogoo akakohoa na kuzima. Wakaanza kurudi nyuma.

"Jiwe!" alipiga kelele Mama Pacha. "Shemeji, jiwe!"

Gia Kubwa, aliyesimama kwenye kona ile apate kuhukumu, aliruka na jiwe kama kijana, nyonga mbovu na yote, akalisukumiza nyuma ya tairi. Jogoo akasimama, usukani umeelekea mtaroni.

Sponji alishuka. Alingoja kicheko.

Mkewe hakucheka. Alisogea mbele, akakaa, akaelemea kushoto kidogo, akampiga Jogoo kiki. "Panda," alisema kwa ile sauti yake ya kazi.

Akapanda. Alimshika mkewe kiunoni kwa mikono yote miwili, akafumba macho.

"Fumbua. Usitazame chini, tazama bega langu. Pumua. Vuta kwa pua."

"Siwezi."

"Wote husema hivyo. Vuta kwa pua, toa kwa mdomo. Vizuri. Tena."

Akavuta kwa pua. Akatoa kwa mdomo. Jogoo alipanda gia ya pili, hakulalamika, akachukua kona ya tatu kama mtu anayezunguka meza. Ya nne. Ya tano Sponji alisahau kuihesabu, kwa sababu alikuwa anaangalia bega la mkewe na kuwaza kwamba analijua bega hili tangu ujana wake, na hajawahi kuliona likifanya kazi.

"Umekaribia," alisema Mama Pacha. "Mara moja tena. Pumua!"

Wakatokea juu.

Pale kwenye tangi la maji upepo ulikuwa mkali. Na mbali, nyuma ya mashamba na moshi wa viwanda, milima ilikuwa imejipanga, ya bluu, pengo moja katikati ya vilele viwili likionekana wazi. Kata Pumzi. Sponji alikuwa ameichora kwenye ramani miaka yote hiyo bila kuja hapa kuitazama.

"Naogopa mahali pa juu," alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Hata ngazi ya kubadilishia balbu napanda mimi."

Akacheka, na kucheka kukamfungua. "Nisamehe, mke wangu. Sikuogopa barabara kwa ajili yako. Niliogopa uone mimi ninavyoogopa. Kwa Gia Kubwa nisingejali."

Kama Sponji alivyoona, Mama Pacha alikuwa amelainika, lakini hakulegea.

"Kaa nyuma basi, twende. Ila sikiliza sharti langu. Nimekula sababu zako miaka yote hii. Mvua, tairi, surua. Tukishawasha Jogoo Jumamosi, ukinitajia sababu hata moja, hata iwe ya kweli, nakushusha hapo hapo na sigeuki nyuma."

"Hata iwe ya kweli?"

"Zote zilikuwa za kweli, Baba Pacha. Surua ilikuwa ya kweli. Na bado miaka imepita."

Akakubali. Angekataa vipi? Kisha wakashuka, na kama ujuavyo, kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndio ngoma. Sitakueleza alivyopiga kelele. Gia Kubwa aliapa kutosema, na mimi namheshimu.

* * *

Siku mbili alishona kiti kipya.

Hajawahi kushona kiti namna ile. Sehemu ya mbele aliikata kwa alama ya mkewe, akaongeza sponji ngumu upande wa kushoto ili mgongo usichoke, akaijaribu kwa kiganja, akaibomoa, akaianza upya. Sehemu ya nyuma alijipimia mwenyewe. Alikaa kwenye chaki yake mwenyewe kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaitazama alama, akaona amenenepa.

Jumamosi jua lilipotoka, Jogoo alisimama getini anang'aa. Sponji alikuwa anakaza mikanda ya mifuko ya pembeni. Alipoufikia mfuko wa mkewe, vidole vyake vikasita.

Vidole hivyo havijui kunyamaza. Kitambaa kigumu, kilichopigwa pasi, tabaka juu ya tabaka. Hizo si nguo za safari. Akafungua zipu kidogo.

Sare. Sare zake nyeupe za ukunga, zote. Na chini yake, viatu vya kazi, na ile saa yake ndogo ya kubandika kifuani.

"Mama Pacha," aliita. "Anayekwenda kutembea anabeba sare za kazi?"

Mkewe alitoka ndani, kofia ngumu mkononi. Alipoona zipu iko wazi, alifunga mlango nyuma yake taratibu.

"Ningekwambia tukifika juu kabisa," alisema. "Ambako usingeweza kushuka."

"Kuniambia nini? Si ulisema umeomba likizo?"

"Nilisema nimeaga."

Kweli. Alisema ameaga. Sponji alilikumbuka neno lenyewe, na chai iliyokuwa ikipoa.

"Ng'ambo kule, karibu na ziwa, hawana mkunga. Wanawake wanaletwa huku kwa lori, kupitia milimani, na wengine hawafiki. Wameniomba tangu mwaka jana. Nimewaambia ndiyo." Aliongea bila papara, lakini kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake. "Watoto wameondoka. Nyumba imenyamaza. Wewe una viti vyako na ramani yako na rafiki yako. Nikajiambia, nitakwenda. Kama atanipeleka, vyema. Kama hatanipeleka, najua kuendesha. Sikutaka kukuacha, Baba Pacha. Nilitaka kuona kama utaniona."

Sponji aligeuka, akaingia karakanani, mlango ukafungwa.

Mama Pacha alisimama pale peke yake. Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Hakulia, maana amewazoea watu wanaokaribia kulia na anajua namna ya kupumua. Alimpiga Jogoo kiki. Jogoo akawika mtaa mzima, safari hii bila kusukumwa kokote. Alingoja kadiri anavyoweza mtu kungoja. Kisha akaondoa stendi.

"We! Subiri!"

Sponji alikuwa anatoka mbio, amekumbatia mkoba wa turubai uliochakaa. Ndani mlikuwa na kisu kirefu, mkasi, nyundo ndogo, sindano zake zilizopinda na bunda la uzi. Aliufunga juu ya mzigo kwa fundo lake la kazi, lile lisilofunguka, akapanda nyuma na kujikalisha sawasawa kwenye alama yake.

"Kule ng'ambo," alisema akihema, "watu hawakalii viti?"

Mama Pacha alifuta macho chini ya kofia. Hapo alilia kidogo, na hakumficha.

"Wanakalia," alisema. "Vibovu."

"Basi twende."

Jogoo akaondoka. Majirani wakapunga mikono, na Sponji, aliyekaa nyuma kama mfalme, akageuka naye awapungie. Ndipo alipomwona Gia Kubwa akitokea kona ya mtaa, anachechemea mbio, simu ameiinua juu ya kichwa.

"Msiende! Simameni! Vijana wa malori wamenipigia! Daraja la chini ya Kata Pumzi limekwenda na mafuriko ya milimani usiku! Halipo! Bwana Sponji, daraja halipo!"

Ngurumo ya Jogoo ilimeza maneno yote kwa aliyekaa mbele. Aliyekaa nyuma alisikia kila neno.

"Shemeji anasemaje?" aliuliza Mama Pacha kwa sauti kubwa, akimtazama mumewe kwenye kioo cha pembeni. "Anatuaga?"

Sababu hata moja. Hata iwe ya kweli.

Fundi Sponji alivuta kwa pua. Akafungua mdomo, ukajaa upepo, na mwisho wa mtaa ukawakaribia.